Ofisi imeibiwa na hakuna kufuli lililovunjwa: ninunue kamera au nianzie wapi?

Mama Leja · Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za usiku. Mnivumilie nitaandika kirefu, kichwa kimejaa na mume wangu ameshachoka kunisikiliza.

Mimi ni afisa utawala wa shirika dogo hapa Mikocheni. Tuko watu 23, tumepanga ghorofa ya kwanza yote na nusu ya chini, nusu nyingine ana wakala wa forodha. Kwa cheo changu, kila kisicho na mwenyewe ni changu: LUKU, dizeli ya jenereta, majani ya chai, karatasi za chooni, na ulinzi. Chuoni nilisomea ugavi. Ulinzi sikusomea popote, niliukuta mezani.

Jana asubuhi nimefika saa 1:20. Nimefungua mlango wa chini, nikafungua wa juu, yote kwa funguo zangu, yote ikafunguka kama siku zote. Nikaenda kuchemsha maji. Aliyepiga kelele ni mhasibu. Laptopu 6 hazipo, projekta haipo, na lile boksi linalorekodi kamera, lililokuwa ndani ya kabati la mapokezi, nalo limebebwa. Waya zake zimechomolewa taratibu, zikakunjwa, zikawekwa juu ya rafu. Zimekunjwa jamani! Usiku kucha nimemuwaza mwizi wa kukunja waya.

Hakuna kitasa kilichoguswa. Nondo za madirisha ziko vilevile. Geti lilikuwa na kufuli lake.

Mlinzi wetu ni mzee wa kampuni, yuko nasi mwaka wa tatu. Aliingia lindo Jumamosi saa 12 jioni. Wa kumpokea Jumapili asubuhi hakutokea, akapiga simu kampuni, akaambiwa avumilie. Kavumilia mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi. Piga hesabu, saa 36. Polisi walimchukua kwa maelezo, akalala huko, leo mchana ametoka kwa dhamana. Nilimpelekea chapati na chai ya rangi, nikakosa la kumwambia.

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tumepata. Askari akaniomba namba za mashine za laptopu zote sita, nikawa nazo nne. Hiyo aibu ni yangu, naibeba.

Sasa bosi amepata kampuni ya kufunga kamera 16, fensi ya umeme na mlango wa alama za vidole. Milioni 14 na ushee. Anataka nisaini Ijumaa, na mzee aondolewe. Juu ya hapo mfadhili wetu anadai andiko la jinsi tunavyolinda jengo, watu na vifaa. Andiko hatuna. Nianzie wapi?

Dalali wa Sinza · Jumanne, saa 4:05 usiku

Dada unajichosha bure. Saa 36 mtu yuko getini halafu laptopu sita zipite miguuni kwake? Mlinzi anajua. Fukuza, funga kamera, maisha yaendelee. Hizo laptopu saa hizi zimeshafutwa na zina mwenyewe mwingine.

Lindo la Usiku · Jumanne, saa 5:30 usiku

Marahaba binti yangu, na pole.

Nimefanya kazi ya ulinzi kuanzia 1996 mpaka 2023 hapahapa Dar. Miaka ya mwanzo nilisimama getini, iliyobaki nikawa msimamizi wa doria, yaani yule anayezunguka na pikipiki usiku kuamsha walinzi. Sasa nafuga kuku Chanika, usingizi wenyewe umegoma kunirudia, ndiyo maana unaniona hapa saa hizi.

Nimeshafika kwenye matukio mengi, na neno la kwanza kulikuta ni hilo la Dalali: mlinzi anajua. Kuna siku huwa ni kweli. Lakini ukianza nalo hutauliza jingine, na mwizi wako anakuombea uishie hapohapo.

Soma tena ulichoandika mwenyewe. Mtu kafungua, kachukua, kakunja waya, kafunga. Huyo ana funguo. Kamera 16 hazimzuii mwenye funguo, zitampiga picha nzuri akifungua mlango, kisha atabeba boksi lenye hiyo picha kama alivyobeba hili. Na anayekunja waya hana haraka, anajua hakuna wa kumkatiza. Tena mkono wake umezoea kukunja waya. Sitasema zaidi, sipendi kumhukumu mtu kwa kukisia.

Kesho asubuhi, kabla ya kumpigia simu mtu wa kamera, chukua daftari jipya. Andika kila mlango, kitasa chake, zilitoka funguo ngapi dukani, na leo ziko kwa nani. Kila ufunguo uuone kwa macho. Mtu akikwambia "ninao nyumbani", mwambie akaufuate. Kuna jengo Upanga tuliwahi kufanya hesabu hiyo, kitabu kikasema mlango wa mbele una funguo 4. Tulipomaliza zilikuwa 17. Mmoja ulikuwa kwa dereva aliyeacha kazi miaka mitatu nyuma, uko kwenye mkufu wa funguo za gari lake, hata hajui ni wa nini. Fundi funguo wa barabarani hakuulizi hati ya nyumba. Unampa ufunguo, unanunua soda, soda haijaisha ufunguo wa pili uko tayari.

Ukishajua hali ilivyo, badilisha silinda za vitasa, yaani kile kipande unachochomekea ufunguo. Sio milango. Silinda tu, fundi anazitoa kwa skrubu moja pembeni. Hiyo ndiyo pesa yako ya kwanza kutoka, na haifiki hata robo ya robo ya milioni 14.

Halafu kuna hesabu moja nilifundishwa na msimamizi wangu wa kwanza, sijawahi kuona nyingine iliyo bora. Chukua saa. Kizuizi chako kinamchelewesha mwizi dakika ngapi? Na msaada unachukua dakika ngapi kufika? Nondo za dirisha kwa grenda ni dakika tatu, nne. Kufuli la bei rahisi kwa mtaimbo halimalizi dakika moja. Gari la doria likiwa Mwenge, Ijumaa jioni, foleni unaijua mwenyewe, lini linafika Mikocheni? Kama ni dakika 25, basi ving'ora vyote ulivyonunua vinakuamsha uje kuona mlango wazi. Unachotakiwa kununua ni dakika: geti, mlango wa chini, mlango wa juu, chumba chenye kitasa chake, kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani. Kila kimoja kiongeze kidogo. Na kengele iwe ya kwanza kabisa, huko nje, sio ya mwisho pale kwenye kabati. Ikilia mwizi ameshafika kwenye kabati, hizo dakika zote alizokata nyuma hazina kazi tena.

Sasa mzee wako. Nakuuliza mambo manne, usinijibu leo, nenda kaangalie. Ana kiti? Tochi yake inawaka? Ana orodha ya nani anaruhusiwa kuingia Jumapili, au anamfungulia yeyote anayemfahamu kwa sura? Na anakojoa wapi?

La mwisho sicheki. Nimezunguka malindo mengi ambayo mwajiri ameweka waya wa miiba, taa na mbwa, choo kiko ndani ya ofisi iliyofungwa. Basi kila usiku kuna robo saa geti halina mtu, na mtaa mzima unaijua hiyo robo saa isipokuwa anayelipa.

Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa nalinda nyumba ya mtu Oysterbay. Ijumaa, saa 4 asubuhi imeshapita nusu. Nilikuwa namwagilia maua, mpira mkononi, sikusikia mlio kwanza, niliona maji kwenye ndoo yanatikisika. Kisha vioo vya nyumba ya bosi vikashuka vyote upande mmoja. Ubalozi wa Marekani. Kwetu hapa walikufa watu 11, Nairobi asubuhi hiyohiyo wakafa zaidi ya mia mbili. Baadaye tukaja kuelewa kwamba lile gari lililobeba bomu halikuingia ndani: langoni palikuwa na gari la maji la ubalozi, likaziba njia, mlipuko ukatokea nje ya geti. Walinzi wa getini, Watanzania, walikuwa kati ya waliokufa. Ubalozi ulihamia Msasani kwenye kiwanja kipana, jengo limekaa mbali na barabara.

Sikulinganishi na ubalozi, wewe una laptopu. Lakini tangu siku ile nikifika kwenye jengo lolote naangalia kwanza magari ya wageni yanaegeshwa wapi na kutoka hapo mpaka ukutani ni hatua ngapi. Jenereta yenu na dizeli yake viko wapi? Mgeni anaegesha pembeni yake?

Mzee usimfukuze Ijumaa. Msikilize kwanza.

Fundi Waya · Jumatano, saa 1:50 asubuhi

Mimi ndio watu wa kufunga hizo kamera kwa hiyo ninaharibu biashara ya wenzangu, wanisamehe.

Mzee Lindo amesema kweli kuhusu boksi. Likae chumba kingine, juu, ndani ya sanduku la chuma lenye matundu ya hewa. Kwenye kabati la mapokezi ni sawa na kuweka cheki juu ya kaunta. Tena muulize huyo wa milioni 14 amekuwekea diski ya ukubwa gani. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 8 ni kama 173. Diski ya terabaiti 1 inajaa kabla siku sita hazijaisha, kisha inaanza kujifuta kuanzia mwanzo. Wizi ukigundulika baada ya likizo ya Idi au Krismasi, hamna kitu humo. Kwa ofisi yako kamera 6 au 8 zilizokaa mahali pake zinatosha, diski terabaiti 4, unapata wiki tatu. Na saa ya mashine iwe sahihi. Nimeshaona mtu anapeleka ushahidi unaoonyesha mwizi akiingia mwaka 2000.

Mlango wa alama za vidole: uliza kama ni wa sumaku. Sumaku inashika kwa umeme, umeme ukikatika inaachia, na imetengenezwa hivyo makusudi ili moto ukitokea watu watoke. Mwizi anayesubiri TANESCO ikatike anaanzia hapo. Lazima iwe na betri yake, betri ipimwe kila baada ya miezi kadhaa, na usiku ofisi ikifungwa kuwe na kitasa cha ufunguo pia.

Fensi ya umeme Mikocheni sikushauri uanze nayo. Hewa ya chumvi inakula viunganishi, tawi la mwembe likigusa waya king'ora kinalia usiku kucha, wiki ya pili mlinzi anaizima ili jirani asitukane, na hapo umenunua mapambo.

Mama Leja · Jumatano, saa 7:15 mchana

Shikamoo tena mzee Lindo. Asante Fundi.

Nimeanza daftari. Mlango wa juu kitabu kinasema funguo 3. Hadi sasa nimeona kwa macho 9. Mmoja upo kwenye msumari nyuma ya mlango wa mapokezi, umeandikwa JUU kwa kalamu ya wino mzito. Nimepita hapo kila siku miaka minne. Mmoja bosi mwenyewe alimpa mtu wa AC mwezi wa pili ili asisumbuliwe kumfungulia siku za Jumapili. Amesahau. Nilipomkumbusha akasema "ah, yule kijana mzuri tu".

Kijana mzuri huyo ndiye alihamisha waya za intaneti tulipopaka rangi. Nimenyamaza, namba yake nimempa mpelelezi, basi.

Kuhusu mzee: kiti anacho, mguu mmoja umefungwa kwa kamba. Tochi ni ya simu yake. Orodha ya Jumapili hana, kasema anafungua kwa "wenye beji", na beji zetu hazina picha. Swali la nne sijaweza kumuuliza. Ni mtu mzima, makamo ya baba yangu.

Mwana Ilala · Jumatano, saa 10:30 jioni

Hapa wote mnaongelea kuzuia watu wasiingie. Naomba mkumbuke na wa ndani watokeje.

Ofisi yangu ya zamani tulikuwa na nondo madirisha yote na mlango wa nyuma wenye kufuli, ufunguo anao mtu mmoja. Siku soketi ya birika iliposhika moto, huyo mtu alikuwa benki. Tulitoka kwa mlango wa mbele tukipita pembeni ya huo moto, dada mmoja mjamzito tumembeba. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, ila mpaka leo nikiingia ukumbi wowote natafuta mlango wa pili kabla sijakaa. Dirisha moja kila upande liwe na nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani, na mlango wa dharura uwe wa kusukuma, sio wa kufuli. Zimamoto ni 114, iandikwe ukutani, kwenye simu utaisahau.

Na mitungi yako ya kuzimia moto nenda kaiangalie leo. Ya unga ina mshale wa kuonyesha presha. Ule wa kaboni dayoksaidi, wa kuwekwa karibu na seva, hauna mshale, unapimwa kwa mizani, kwa hiyo ukiwa mtupu unafanana na uliojaa. Wetu ulikuwa mtupu.

Jambo dogo la pili: kitabu cha wageni. Jina, simu, saini, kimeachwa wazi kwenye kaunta. Mgeni wa kumi anapiga picha namba za wageni tisa. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na hicho kitabu kinaingia humo, kamera pia.

Fundi Waya · Jumatano, saa 11:10 jioni

Hilo la mizani sikulijua. Naenda kupima wa kwangu.

Mama Leja, kwa lile andiko la mfadhili: wengi wanaangalia ISO 27001, kile kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, toleo la 2022. Vidhibiti viko 93, vinavyohusu majengo na vifaa ni 14 tu. Usinakili ya mtu mtandaoni, wataijua. Ukivisoma utakuta vingi ni mambo ya daftari: meza isiachwe na karatasi za siri, laptopu inayotoka nje ya ofisi iandikwe, waya zilindwe, diski ya kompyuta inayouzwa ifutwe kwanza. Daftari lako la funguo ni kurasa za kwanza za hilo andiko, umeshaanza bila kujua.

Lindo la Usiku · Jumatano, saa 4:00 usiku

Binti, zikifika 9 bado hazijaisha. Muulize mfanya usafi, na aliyekuwa mfanya usafi kabla yake.

Kuhusu kampuni ya ulinzi, toa mkataba uusome pale panaposema zamu ni saa ngapi na asipotokea mpokezi nani anawajibika. Kisha toa karatasi za mahudhurio unazosaini mwisho wa mwezi. Nakuhakikishia ile Jumapili itaandikwa walinzi wawili. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa karatasi kama hizo nizipitishe, na zipo nilizopitisha. Ukikuta hivyo, hapo una la kuongea na kampuni, na la kuongea sio kumfukuza mzee. Mtu aliyeamka saa 36 anaona geti lakini haoni anayepita.

Pia nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukajitambulishe, na kwa vijana wa ulinzi shirikishi kama wapo mtaani kwenu. Wao ndio wako karibu kuliko gari la doria. Muuza chipsi wa kona yenu anafunga saa ngapi? Huyo amewaona wote walioingia kwenu tangu mfungue ofisi. Mnunulie soda.

Swali la nne nenda kauliza. Hataona aibu. Ataona ajabu kwamba kuna mtu ameuliza.

Mama Leja · Ijumaa, saa 2:20 usiku

Naleta majibu.

Funguo za mlango wa juu zimeishia 11. Silinda tatu zimebadilishwa leo, funguo tatu kila mlango, msumari nimeung'oa kwa nyundo mimi mwenyewe. Karatasi ya mahudhurio ya Jumapili: walinzi wawili, saini mbili, mwandiko mmoja. Nimeipiga picha, barua imeenda kampuni. Bosi hajasaini milioni 14. Hajafurahi, ila amenipa ruhusa ya kamera 8 na kabati la chuma, na amekubali mzee abaki mpaka mpelelezi amalize kazi yake. Kuhusu kijana wa AC polisi hawajaniambia kitu na sijauliza. Dizeli ilikuwa mahali palepale wageni wanapoegesha, imehamishwa nyuma. Namba za mashine za vifaa vyote nimeziandika, mpaka za birika.

Jana jioni nikamwuliza mzee. Akacheka kidogo, akaangalia chini, akasema: "Ng'ambo pale, kituo cha mafuta, mwanangu. Saa 8 usiku, kukishakuwa hamna magari." Kila siku saa 8 usiku, miaka mitatu.

Choo cha chini tunachotumia na wakala wa forodha kina mlango wa nje, kumbe tuliufunga zamani tukaweka makatoni. Tumetoa makatoni. Kina kufuli jipya, funguo mbili, mmoja kwa mzee na mmoja kwangu. Nimeuandika kwenye daftari.

Lindo la Usiku · Ijumaa, saa 2:45 usiku

Na taa ya humo ndani inawaka?

Mama Leja · Ijumaa, saa 2:47 usiku

Ngoja nimpigie.